Mtaimbo Kwenye Kinu

Fundi wa kinu alikufa Jumatatu asubuhi mbele ya watu wenye suti, na kabla damu yake haijakauka sakafuni watu hao walikuwa wameshahamia ofisini kunywa chai.

Hilo ndilo lililomchefua Inspekta kwanza alipofika, saa nne na kitu. Alipita chini ya dirisha la ofisi akasikia vijiko vinagonga vikombe, na mmoja wao anauliza kama kuna maziwa. Inspekta alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, ulimi mkali. Marehemu baba yake alilima miwa mpaka akaingia kaburini, kwa hiyo kiwanda kile alikijua tangu akiwa mtoto wa kamasi. Alitema mate kando ya njia, akaingia kwenye jumba la kinu.

Kiwanda kilikuwa cha serikali, na kilikuwa hoi. Msimu mzima kilisaga leo, kesho kikalala. Sasa kilikuwa kinauzwa, na masharti ya kuuzwa kwake kila mkulima aliyajua kwa moyo. Kinu kikionekana kizima, mnunuzi atafungwa na mkataba wa kusaga miwa ya wakulima na kuwapa hisa. Kikionekana kimekufa, kitauzwa kama vyuma chakavu pamoja na ardhi yake, na wakulima watajua wenyewe pa kupeleka miwa yao. Ndiyo sababu kinu kiliwashwa siku ile, wanunuzi waje wakione kwa macho. Kikanguruma, kikasaga, watu wakapiga makofi. Halafu mtaimbo wa chuma ukaingia katikati ya rola pamoja na miwa, rola ikapasuka, na kipande chake kikampata fundi kifuani. Wenzake walisema hakukimbia. Alikuwa anahangaika kuzima mashine.

Konstebo alimpokea Inspekta kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Mhalifu alikuwa ameshashikwa. Mtaimbo ulitoka kwenye trela la Mzee Kaidi, mkulima aliyepewa jina hilo kwa ubishi wake kwenye mikutano, na wiki iliyopita tu mzee huyo alisimama mbele ya umati akasema ni heri kinu kivunjike kuliko kuuzwa kwa watu wenye matumbo. Watu mia walimsikia. Mdomo huponza kichwa, na cha mzee kilikuwa kimeshaponzeka. Mkuu wa kituo alishapiga simu: kesho asubuhi mzee afikishwe mahakamani kwa kosa la kuua, kwa sababu wageni wanataka jambo liishe.

"Wageni wanataka," Inspekta akarudia, kama mtu anayeonja mboga iliyochacha. Kisha akaomba glavu.

Mtaimbo ulikuwa bado umebanwa kwenye rola. Upande mmoja ulikuwa umesagika pamoja na miwa iliyouzunguka. Upande wa pili tita lilikuwa zima, miwa michache imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, chuma kimefichwa katikati. Inspekta alikata ukanda, akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akachomoa muwa mmoja. Akaukagua pale ulipokatwa na panga. Palikuwa peupe na majimaji, na glavu ikamganda kwa utamu. Alimkabidhi konstebo muwa ule autunze, akatoka nje kwenda kwenye trela la Mzee Kaidi.

Trela lilikuwa limesimama mdomoni mwa kinu, bado limejaa. Hakuhitaji kulisogelea sana. Harufu ilimfuata: harufu kali ya kilabu cha pombe siku ya pili. Miwa ilikuwa imesinyaa, pale ilipokatwa pamekauka na kuwa pekundu kama kidonda cha zamani, na inzi walikuwa wanakula sherehe. Hata kinu kingekuwa kizima, nusu ya jasho la mzee ilikuwa imeshageuka siki. Inspekta alimfikiria baba yake, kisha akaenda kwenye mizani.

Karani wa mizani alimweleza mengine. Trela la Mzee Kaidi lilikuwa kwenye foleni tangu wiki iliyopita, kama matrela yote yaliyoonekana mpaka barabarani. Shamba la kiwanda halijakatwa muwa hata mmoja, maana wakataji wamegoma. Na asubuhi hii, akaongeza karani kwa kusifu, Mwenyekiti wa chama cha wakulima ametenda la kiungwana. Trela lake ndilo linaloingia mbele siku zote, kwa heshima ya kiti, lakini leo alisema wazee watangulie, akampisha Mzee Kaidi.

"Uungwana huo huwa anao kila siku?" Inspekta aliuliza.

Karani alijikuna shingo, akasema hakumbuki siku nyingine.

Meneja ndiye aliyefuata, na Inspekta alimwendea kwa hamu, maana hakumpenda. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa katikati ya kiwanda cha matope, na wakati kinu kinapasuka yeye peke yake hakuwepo jumbani. Ilibidi abanwe kidogo ndipo akasema alikuwa wapi: alikuwa chooni, anatapika kwa hofu. Wanunuzi walimwambia kinu kikifanya kazi atabaki kuwa meneja. Kikifa, hawana haja ya meneja wa vyuma chakavu. Alianza kulia. Hakumlilia fundi hata kidogo, alijililia mwenyewe, na Inspekta alimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Anayejifanya kulia angemlilia marehemu. Alitoka ofisini akitamani kunawa mikono.

Kituoni, mke wa Mzee Kaidi alikuwa ameketi kwenye ngazi tangu asubuhi. Aliinuka, akashika mkono wa Inspekta kwa mikono yake miwili. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama kweli mzee atapelekwa kesho, na kama wanaopelekwa huwa wanarudi. Inspekta alimketisha tena kwenye ngazi. Akamwambia, "Mama, leo haijaisha," akaingia ndani.

Mzee Kaidi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na ubishi wake wote umemtoka. Alisema siku zote za foleni alilala chini ya trela lake, kwa kuwa kuna wezi wa betri. Hakuliacha hata mara moja.

"Hata leo alfajiri?"

"Leo nilikwenda bombani kuoga. Shemeji yangu alinilazimisha. Alisema, mzee, huwezi kusimama mbele ya wageni na vumbi lote hilo, nenda, nitakulindia."

"Shemeji yako nani?"

"Si Mwenyekiti? Ni mdogo wake mke wangu, tumemlea sisi. Amenitumia habari kwamba atanitafutia wakili. Mwambie asihangaike, mwanangu. Ana watoto wanaosoma."

Inspekta alimtazama mzee yule anayemhurumia mtu aliyemwuza. Alimwagiza konstebo aende kimyakimya kwenye uwanja wa mizani akapekue trekta la Mwenyekiti, hasa chini ya kiti cha dereva, madereva wanakoweka vifaa. Yeye mwenyewe akamchukua mke wa mzee kwenye gari la polisi, wakaongozana kiwandani.

Jioni ilikuwa inaingia na wakulima walikuwa wamekusanyika uwanjani. Mwenyekiti alikuwa amepanda kwenye mizani anahutubia, leso mkononi. Alimlilia fundi. Alisema shemeji yake amekosa, lakini ni ndugu yake, na anaomba kila mwenye chochote achangie wakili. Akina mama walikuwa wanafuta machozi. Alipomwona dada yake akashuka kumkumbatia, na Inspekta akamwacha amkumbatie.

Kisha akamwuliza kwa upole, kama mtu anayepiga soga, "Mwenyekiti, hii foleni inawatesa. Miwa yako wewe hukaa siku ngapi hapa?"

Mwenyekiti alitabasamu katikati ya machozi. "Yangu hailali, Inspekta. Nakata alfajiri, inasagwa asubuhi. Ndiyo faida ya kuwahudumia watu."

"Na hii ya leo?"

"Ya leo pia. Ile pale, mbichi kabisa."

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Inspekta alimwita mkulima mmoja wa mstari wa mbele, akampa muwa aliouchomoa kwenye rola, akamwambia auangalie na kuunusa. Kisha akampa mmoja kutoka trela la Mzee Kaidi. Mkulima hakuelezwa kitu. Aliushika ule wa kwanza, akaunusa, akatazama trela la mzee, kisha akageuka taratibu kumtazama Mwenyekiti. Muwa ukapita mkono kwa mkono.

"Mtaimbo ulifungwa ndani ya miwa iliyokatwa leo," Inspekta alisema. "Kwenye uwanja huu kila mtu ana miwa iliyooza. Hata mtoto wa mkulima angejua kuchukua iliyooza auzungushie mtaimbo wake, usitambulike. Lakini wewe hujapanga foleni miaka mingi. Umesahau kwamba miwa ya wenzako huozea hapa."

Mwenyekiti alicheka, akasema ni uzushi, kila mtu anaweza kuiba miwa miwili mitatu kwenye trela lake. Ndipo konstebo akafika na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokutwa chini ya kiti cha trekta lake, umekatwa ukanda. Inspekta akatoa ule ukanda mfukoni, akauweka kwenye mkato. Ulikaa pale pale, mpaka kiraka cha gundi nusu kikakutana na nusu yake.

Cheko likakatika. Mwenyekiti aliketi kwenye ukingo wa mizani, na alipoanza kusema hakuna aliyemkatiza. Wanunuzi hawakutaka kinu, alisema. Walitaka ardhi. Miwa ingekwenda kwenye kiwanda chao kingine, mbali, na mtu wao mmoja alimwahidi kwamba magari yote ya kuibeba yatakuwa yake. Kwani kinu kile kilikuwa na faida gani? Kingekufa tu mwakani. Alichofanya ni kukisukuma kidogo. Fundi alipaswa kukimbia, kila mtu angekimbia. Na shemeji yake ni mzee, mahakama ingemhurumia.

"Kwa nini trela lake?" Inspekta aliuliza. "Kulikuwa na matrela mangapi hapa?"

"Ndiye aliyesema kivunjike. Kila mtu alimsikia." Akanyanyua uso kwa dada yake. "Na ndiye ambaye asingenishuku."

Inspekta alikuwa ameshika wezi, wabakaji, na mtu aliyemnywesha mama yake sumu. Hakukumbuka kama aliwahi kutamani hivi kumwacha mtu mikononi mwa umati. Wakulima walikuwa wanasogea. Alimfunga pingu mwenyewe, akampakia garini haraka, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mikono yake ilibaki inanuka manukato ya yule bwana hadi usiku.

Mzee Kaidi aliachiwa. Wenye suti waliulizwa, wakasema hawamjui mtu yeyote aliyeahidi magari, na jina alilolitaja Mwenyekiti halikuwa la mtu yeyote. Mwezi uliofuata kiwanda kiliuzwa kama vyuma chakavu. Waliokinunua walikuwa wale wale, kwa bei nafuu zaidi, kwa sababu, walieleza, kinu kimevunjika.

Lakini kabla ya hayo, asubuhi baada ya Mwenyekiti kukamatwa, mke wa Mzee Kaidi alirudi kituoni, mumewe akimsubiri nje barabarani. Alikuwa amebeba bakuli la chakula lililofunikwa kitambaa. Inspekta alimfungulia mlango wa korido ya mahabusu bila kumwuliza. Mwenyekiti aliinuka, uso ukimng'aa, akasema, "Nilijua hutanitupa, dada."

Mama yule alipitisha bakuli chini ya nondo, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Kula," alisema. "Mama aliniachia nikulishe, sikuweza kumkatalia. Lakini dada yako alikufa jana, pamoja na fundi."