Ufito Uliokauka

Haya yalimkuta mama mdogo wangu, Qiuyan, niliyehamia kwake mjini Jingzhou, Uchina, nilipoacha shule. Kazi yake ilikuwa kuosha fito za mwanzi zilizotolewa kwenye kaburi la karani wa kale. Ziliandikwa hesabu: swali, jawabu, kisha maneno "mbinu yasema", na njia ya kukokotoa. Karani alizikwa nazo ili aendelee na kazi huko aliko.

Fito hizo hukaa majini daima, ndani ya beseni. Zikikauka, zimekwisha.

Asubuhi moja mama mdogo aliweka ufito juu ya taulo, akaenda mlangoni kupokea tambi alizoagiza. Soga na mleta tambi zikanoga. Aliporudi, ufito ulikuwa umesinyaa kama ganda la tangawizi. Alipougusa, ukawa unga. Akaumwaga kwenye sinki. Bosi Tong alipouliza, akamsingizia mwenzake, Pei.

"Mikono yako ni ya kukanda maandazi, Pei," bosi alimwambia, akimfukuza kazi. "Nenda kayakande."

Kesho yake mchana tulikuwa tunakula nyumbani. Niligeuka kuchukua chumvi. Vijiti vya kulia vikawa vimetoka koponi, vingine wima, vingine vimelala, kama wahesabuji wa zamani walivyopanga vijiti vyao vya kuhesabia.

"Acha utundu, wewe."

"Si mimi, mama mdogo."

Ndani ya bomba la sinki, mwanamume akanong'ona, "Mbinu yasema..."

Akanyamaza. Akaanza tena. Akaishia palepale.

Mama mdogo akasukuma bakuli. "Ni yule karani. Anatafuta kinachofuata," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemnyang'anya. Na Pei nimemkatia riziki."

"Basi mwambie bosi."

"Nitamtazamaje usoni?"

Hakulala. Asubuhi akaondoka mapema, akasahau mwavuli. Nikamfuata nao kazini. Bosi Tong alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kuoshea.

"Mama yako mdogo kaniambia yote," alisema. "Yumo humo, anavaa aproni."

Tukaingia. Aproni ilikuwa sakafuni, imelowa. Chumba kina mlango mmoja. Hakina dirisha.

Bosi akakagua beseni. Hakuna ufito uliopungua, ingawa mmoja ulimwagwa sinkini. Mmoja ulikuwa wa kijani. Mwanzi mbichi, bado unatoa utomvu. Uliandikwa "Mbinu yasema", kisha njia yote, hadi mwisho.

Herufi zilikuwa za kale. Mwandiko ulikuwa wa mama mdogo.

Pei amerudi kazini. Beseni lile haligusi tena. Anasema wino wa ufito ule, humo majini, ukiugusa unakuchafua kidole.