Jina Lililopewa Udongo

Mwanasesere alipaswa kuinua mkono wa kulia, lakini katika kompyuta aliinua wa kushoto.

Ndunda, mpiga picha wa kikundi, ndiye aliyeona kwanza. Aliirudisha sehemu ile nyuma, akaitazama tena, kisha akamgeukia Levi, mwenye chumba na mwenye kompyuta.

"Buda, umecheza na picha zangu?"

"Nicheze na picha zako niko na wazimu? Pengine ulilala ukipiga."

"Mwelu, ni wewe ulisongesha mkono. Ulisongesha gani?"

"Wa kulia," alisema Mwelu. "Mtoto anapokea baraka. Nani hupokea baraka na kushoto?"

Walicheka, wakapiga upya.

Ilikuwa kazi yao ya mwisho katika chuo kimoja cha ufundi mjini Machakos: filamu fupi ya katuni juu ya siku ambayo mtoto wa Kikamba hupewa jina. Kazi ya namna hiyo yataka moyo wa mvuvi wa samaki wadogo. Mwanasesere husogezwa kidogo, mkono ukaondolewa, picha ikapigwa. Husogezwa tena kidogo, picha ikapigwa tena. Picha zikifuatanishwa upesi, kitu kisicho na uhai huonekana kinaishi. Kwa kuwa mwanga wa jua hauna msimamo, waliziba madirisha ya chumba cha Levi huko Mumbuni kwa mablanketi, wakafanya kazi kwa taa mbili. Nje kulikuwa mchana mweupe, kuku wakiparua. Ndani kulikuwa giza walilolitengeneza wenyewe.

Mwelu Kisilu ndiye aliyemfinyanga mwanasesere, kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mafuta ya kupikia juu ya mifupa ya waya. Alimfanya mtoto mchanga, wa kike, mwenye kope za kufunguka na kufungwa. Wenzake walimwita "mtoto". "Leta mtoto." "Usishike mtoto na mikono ya chipsi." Na Mwelu naye akazoea kumwita hivyo.

Lakini Mwelu alikuwa na mtoto mwingine, wa kumzaa, aliyelala kwenye beseni lililotandikwa shali kando ya meza. Huyo hakuwa na jina. Katika kliniki aliandikwa Mtoto wa Mwelu. Majirani walimwita Kana, neno la Kikamba ambalo kila kichanga huitwa. Jina lake lilijulikana, ila lilikuwa halijatamkwa. Lilikuwa Syombua, jina la waliozaliwa wakati wa mvua, na lilikuwa la marehemu mama yake Mwelu. Kinywa cha kulitoa kilikuwa kimoja tu: cha Kavutha, nyanya yake Mwelu, Susu kwa Kikamba, aliyemzaa huyo Syombua. Kavutha aliishi Ndithini, na Mwelu hakuwa amekanyaga Ndithini tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Hakuwa na mume wa kumtaja. Aibu ilimfunga miguu.

Hata hivyo filamu ilihitaji sauti ya mwanamke mzee, na maneno ya kweli. Mwelu alijikaza, akamtumia nyanya yake ujumbe wa sauti, mfupi, maana hakuwa na uso wa kusema mengi. "Susu, naomba yale maneno ya jina. Uyaseme tu kwa simu, mimi nitamwekea mtoto asikie."

Jibu lilikuja asubuhi ya siku ile mkono ulipokosea, nalo lilikuwa zuri kupita walivyotumaini: sauti nzito, yenye machozi ndani yake, ikimpokea mtoto, ikimtemea baraka, ikimwita Syombua. Mwelu alishtuka kulisikia jina la mama yake, lakini hakushangaa sana. Alidhani Susu alichukua lililo karibu na ulimi. Levi alitaka sauti ilingane na mdomo, kwa hiyo waliicheza kwenye spika mara nyingi, mwanasesere akiwa amelala mbele ya taa, uso juu, akisikiliza.

Jioni ya siku hiyo Kana alikataa ziwa.

Mwelu alimbembeleza, akambadilisha upande, akamkamulia maziwa kwenye kijiko. Mtoto aligeuza uso. Hakulia. Siku zilizofuata ngozi yake ilianza kulegea mapajani, na macho yake yakawa makubwa. Muuguzi alimpima, akamgeuza, akamsikiliza kifua.

"Mtoto hana ugonjwa, mama. Jina lake ni nani?"

"Bado."

"Bado hadi lini? Huyu hata akiitwa hawezi kugeuka!" Muuguzi alikuwa anatania. Mwelu alitoka nje akalia.

Angeacha ile kazi, lakini bila kuimaliza angerudia mwaka, na mtu aliyekwisha kuaibisha nyumba mara moja huogopa ya pili. Basi alirudi Mumbuni, Kana akiwa mgongoni, mwepesi kama kikapu kisicho na kitu. Ndunda alipowasha taa, maziwa yalimjaa Mwelu kifuani, yakauma, yakalowesha blauzi. Alipomtoa Kana kumnyonyesha, yalikauka. Alipoishika tena kazi yake, akainama juu ya mwanasesere, yakamwagika. Akahisi harufu. Udongo haukunuka mafuta tena. Ulinuka maziwa yaliyolala mdomoni mwa mtoto.

"Ndunda, hebu mshike mtoto."

"Yupi?"

"Huyu wa udongo."

Ndunda alimshika, akakaribia kumwangusha. "Huyu amekuwa mzito hivi lini? Umemuongeza udongo?"

Mwelu alimrudisha mezani. Levi, masikioni ameweka spika ndogo, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akiiweka sauti ya Susu mahali pake, na ghafla alizivua kama mtu aliyechomwa.

"Nani ameongeza hii?"

Aliicheza kwa sauti ya wazi. Susu alisema maneno yake, akalitaja jina, akanyamaza. Na katika ule unyamavu, mahali ambapo jana palikuwa na mvumo wa simu tu, kitu kiliitika. Hakikuwa kilio cha mtoto wala sauti ya mtu mzima. Kilikuwa mwitiko wa mtu aliyesubiri kuitwa kwa muda mrefu mno, akaitika upesi asije akapitwa.

Levi alichukua koti lake. "Chumba ni yenu. Kompyuta ni yenu. Mimi naenda kwetu Kithimani, na mkimaliza hiyo kitu msiniite kuiona."

"Levi, kazi ni ya wiki hii!"

"Mwelu, mimi si mwoga. Lakini hiyo si projekti tena." Mlango ukafungwa nyuma yake.

Ndipo Mwelu alipompigia simu nyanya yake.

"Mwelu!" Susu alipokea kwa furaha. "Nilikuwa nawaza, atanipigia lini? Haya, Syombua wetu ananyonya?"

Mwelu alimtazama Kana. "Susu... wewe ulijua niko na mtoto?"

"Ndithini hakuna masikio? Nilijua. Nilikungoja uniambie kwa kinywa chako, na ukaniambia. Si ulisema utamwekea mtoto asikie? Nilipiga magoti, Mwelu. Nilitoka nje jua likichomoza nikampa jina la mwanangu, kwa moyo wangu wote. Alisikia?"

"Susu, yule mtoto alikuwa wa udongo. Ni doli. Ni ya shule."

Wazee walishika kwamba mtoto asiye na jina bado ni wa aimu, roho za waliotangulia. Yuko kizingitini, aweza kuingia, aweza kugeuka. Lakini hayo Mwelu aliyajua. Hakuyajua yale aliyoambiwa sasa, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mwingine anayesikiliza.

"Jina likiitwa pasipo mtu, huitikiwa na asiye na jina. Kuna majini yasiyowahi kuitwa na yeyote, Mwelu, na hayana njaa nyingine. Usilivunje. Usilichome. Ukilichoma litaondoka na jina, na mtoto atabaki nje. Mimi nakuja."

Susu Kavutha alifika siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, mdogo, mnyoofu, rozari shingoni. Hakumlaumu mtu. Alimtazama Kana, akafunga macho, akayafungua. Kisha akamtazama mwanasesere juu ya meza, naye, wote watatu waliona, hakuwa amelazwa vile.

"Jina huachwa na mwenyewe akifa," alisema. "Hakuna njia nyingine. Hiki kitu huishi namna gani?"

"Kwa picha, Susu," Ndunda alinong'ona. "Tunasongesha kidogo, tunapiga."

"Basi kitakufa hivyo hivyo. Mkimaliza, msitamke jina. Nitafungua madirisha, kilichomo kitoke bila kitu mkononi. Nitamtoa mtoto juani, nimwite huko. Mmenielewa? Humu ndani mtu asilitamke, kisije kikaitika tena."

Ndunda alishika kamera. Susu alikaa pembeni, Kana mapajani. Mwelu akaanza.

Alishusha kope za mwanasesere kiasi cha unene wa ukucha, akaondoa mkono, picha ikapigwa. Akazishusha tena, picha ikapigwa. Lakini alipoinama mara ya tatu kope zilikuwa wazi kabisa, na unyevu ulikuwa umejaa chini yake, unyevu ambao udongo wa mafuta hauwezi kuutoa. Alianza upya, akizishusha kwa kidole kilichokuwa kikihisi chini yake kitu kikisukuma kurudi juu, na kila Ndunda alipobonyeza kulisikika mahali fulani, si nje wala si ndani, pumzi ikivutwa, na harufu ya maziwa ikawa nzito hata wakashindwa kumeza mate, na juu ya mabati mvua ikaanza kunyesha ilhali kwenye upenyo wa blanketi jua lilikuwa likiwaka, wakaisikia wote ikinyesha, mvua ya jina lile, na katikati ya mvua sauti aliyoijua Mwelu kuliko sauti zote duniani ikasema polepole:

"Mwelu. Mwanangu. Utanizika mara ya pili?"

Mkono wake ulisimama hewani. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Mwelu, nina baridi. Mwelu, usinifunge macho."

"Mama," Mwelu alisema, machozi yakimtiririka. "Susu, ni mama."

"Sikiliza vizuri," Susu alisema kwa ukali. "Wewe uliitwa Mwelu kwa mama ya baba yako. Mwanangu aliolewa na adabu zake. Jina la mama mkwe halikuwahi kutoka kinywani mwake, hata siku moja. Alikuita nani?"

Mwelu alipangusa macho. Ilikuwa kweli. Tangu azaliwe mpaka walipomfukia mama yake, hakuwahi kumsikia akimwita Mwelu. "Aliniita Mwaitu," alisema. Mama. Kwa heshima ya yule asiyetajwa.

"Basi hilo si mwanangu. Maliza!"

Akamaliza. Alifunga kope, akateremsha kifua kidogo, na kidogo, na kidogo tena, Ndunda akibonyeza huku ameuma mdomo, na sauti ikaacha kubembeleza ikawa inatukana, kisha ikawa inalia kama mtoto, kisha ikawa mkwaruzo tu. Na kifua kilipokuwa kimelala kabisa mvua ilikatika, harufu ikakatika, na udongo ukapasuka toka paji hadi kitovu kama shamba la kiangazi.

Susu alimkabidhi Mwelu mtoto, akaenda kung'oa mablanketi. Misumari ilikuwa imeshika. Ndunda alimkimbilia kumsaidia.

Na hapo Mwelu alimtazama Kana, akaona kwamba hapumui.

Midomo ilikuwa ya kijivu. Alimtikisa. Alimpulizia usoni. Kichwa kilianguka nyuma kama cha kitu kisichofungwa. Madirisha yalikuwa bado yamezibwa, mlango ulikuwa mbali, jua lilikuwa mbali, na mtoto wake alikuwa anageuka kizingitini anaenda zake. Na mama gani, kinywani ana neno moja tu la kumrudisha, angeweza kuuma meno?

"Syombua," alisema sikioni mwake. Kwa pumzi tu. "Syombua, rudi."

Mtoto akafungua macho.

Blanketi la kwanza lilianguka, mwanga ukajaa chumbani. Susu aligeuka. "Nani amesema kitu?"

"Hakuna mtu," Mwelu alisema.

Walimtoa juani. Susu alipiga magoti penye kuku, akamwita kwa jina lake huku akilia, na mtoto alinyonya pale pale, kwa pupa, mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Ndunda alikuwa akicheka na kulia. "Ona vile anakula! Huyu atamaliza ng'ombe!"

Mwelu alimtazama binti yake. Mtoto alikuwa anatazama ukuta. Mwelu akapepesa; mtoto alikuwa amegeuza uso kidogo, ametulia tuli. Akapepesa, uso ulikuwa umekaribia zaidi, tuli. Akapepesa, macho yale makubwa sasa yalikuwa yakimtazama yeye, na hakuwa ameyaona yakisogea.

"Kuna nini?" Susu aliuliza.

"Hakuna kitu, Susu."

Alimkumbatia mtoto akaendelea kumnyonyesha, macho yake akiyakaza wazi, bila kuyafumba, mpaka yakaanza kuwaka na kutoa machozi.