Zamu ya Mnarani

Kilichomshtua kwanza ni mkoromo. Haukuwa wa mtoto mwenye mafua, huo Annelie angeujua. Ulikuwa mkoromo mzito wa mwanamume aliyechoka, na ulitoka kwenye kitanda cha Veit, mwanawe, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajui kulala mchana.

"Mshukuru Mungu," mama mkwe alisema, akimenya viazi. "Mtoto asipolala unalia, akilala unalia. Unataka nini, binti?"

"Mama, njoo unuse."

Mama mkwe akaja, akanusa. Ngozi iliyoloa, chuma chenye kutu, jasho la zamani. Akafungua dirisha, akasema ni mto Altmühl huo, maji yamepanda, akarudi kwenye viazi vyake haraka kuliko alivyokuja.

Yalianzia Jumapili, kule kwenye ngome ya Warumi iliyojengwa upya juu ya mto, ambako Korbinian, mumewe, na wenzake wa chama huvaa kofia za chuma, hujifanya askari, huchoma soseji na kunywa bia. Annelie alipanda mnarani amembeba Veit, amwonyeshe maji. Juu alimkuta askari ameshika mkuki, amelowa chapachapa, na jua linawaka.

"Nani anapokea zamu?" askari akauliza, kama mtu aliyeuliza hivyo mpaka koo likamkauka.

Annelie akacheka, akadhani ni ule mchezo wao. Akauinua mkono mdogo wa Veit, akajibu kwa kisauti chembamba, vile mama wanavyowasemea watoto wao: "Mimi hapa! Zamu yangu!"

Askari akashusha pumzi ndefu, ndefu mno, akashuka ngazi bila kishindo.

"Leo hatukuweka mtu juu," Korbinian alimwambia njiani. "Sote tulikuwa chini kwenye makaa. Ulimwona nani?"

Na Veit, asiyejua kulala mchana, tayari alikuwa amelala fofofo.

Wakamwita Bibi Zenta, anayewaombea watu wenye ugonjwa wa mkanda wa jeshi na kuwatoa vilivyowaingia. Akaweka kiganja kwenye paji la mtoto. Mtoto akafumbua jicho moja, akamtazama kama mtu mzima aliyeamshwa bila sababu, akalifumba. Bibi akakiondoa kiganja chake kama kimeungua.

"Mimi hutoa kilichoingia," akanong'ona. "Hapa hakuna kilichoingia. Wamepokezana. Huyu yuko mapumzikoni. Wako ndiye yuko zamu."

"Nitampataje, Bibi?"

"Apokewe. Na mwanamume. Jeshi lile halikuuliza umri, lakini wanawake halikuchukua."

Mchana uleule Annelie na Korbinian wakaenda, aliyelala wakamwachia mama mkwe, ukungu umepanda kutoka mtoni umeziba hata lango, hapakuwa na mgeni wala mlinzi wa tiketi, na kabla hawajafika chini ya mnara Annelie akamsikia, Veit wake, kilio chake kilekile cha njaa, na maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi, akapanda ngazi akipiga kelele zamu yangu, zamu yangu, nipeni mimi, na juu hapakuwa na kitu ila mbao na ukungu na kilio kile karibu na shavu lake, karibu kabisa, akipapasa hewa kwa mikono miwili asiguse chochote.

"Korbi! Panda! Sema wewe!"

Korbinian akapanda. Huyu ndiye aliyekuwa akilisema neno hilo kila Jumapili, kifua mbele, watalii wakimpiga picha. Sasa akafungua mdomo.

"Zamu..."

"Malizia. Neno moja tu, mume wangu. Ni mwanao."

Akatazama mto chini, akatazama ukungu usio na mwisho, machozi yakamshuka.

"Siwezi, Anni. Nisamehe. Ninaogopa."

Akashuka. Annelie akamkimbilia, akamshika shati, akampiga mgongoni, akambembeleza kwa majina yote aliyowahi kumwita kitandani, na Korbinian akawa anatikisa kichwa tu, amekaa kwenye nyasi kama gunia.

Ndipo kilio kikanyamaza juu. Si kwa kubembelezwa, ila kama kinavyonyamaza kilio cha mtu aliyekaripiwa. Kisha kwenye mbao za mnara zikaanza hatua, ndogo, za kuyumba, zikaenda upande mmoja, zikageuka, zikarudi.

Annelie akaziba mdomo. Veit alikuwa bado hajaanza kutembea.