Joto la Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Haraka alimwekea mdogo wake kipimajoto kwapani, akasubiri kilie, akaandika namba kwenye fomu. Jina hilo alipewa na bibi yake, na halikuwa sifa. Mtoto alikuwa amepata chanjo ya malaria, na watafiti walitaka kujua kinga ya mwili wake inaipokeaje.

Jumatatu moja mtoto alirusha mateke, kipimajoto kikaangukia kwenye uji. Haraka akakifuta, akaandika 36.6 kuanzia siku hiyo mpaka Ijumaa, akaenda zake kuruka kamba.

Jumatano muuguzi wa utafiti alikuja. Akasoma fomu, akanuna.

"Leo Jumatano. Joto la Ijumaa mmelipima lini?"

Mama akafura. "Unamwita mwanangu mwongo? Mnanyonya damu za watoto, kisha mnatutukana!"

"Mama, nauliza tarehe tu."

"Toka na vichupa vyako!"

"Natoka. Ila kesho wafadhili wanakagua. Wakikuta fomu za kubuni watakata fedha, na damu yote waliyotoa watoto itamwagwa."

Haraka akamtazama mdogo wake. Ametolewa damu mara tatu, na kila mara alilia mpaka akapaliwa. Yote hayo yawe bure?

"Mama, usimfukuze. Nilibuni mimi."

Mama akamkata jicho la kuchemsha maji bila moto.

"Pima," muuguzi akasema, bila hata chembe ya tabasamu.

Kipimajoto kikalia: 38.7. Fomu ilisema mtoto mzima, na mtoto anaungua! Muuguzi akamtoboa kidole, akapima. Malaria. Akatoa dawa hapohapo, kisha akafuta namba za uongo kwa mstari na kuandika ile ya kweli. Jumatatu na Jumanne zikabaki tupu.

"Wafadhili hawatakasirika?" Haraka akanong'ona.

"Nafasi tupu nitaieleza. Uongo ungesema chanjo imefanya kazi ambayo haikufanya, na daktari angeuamini."

Kesho yake wafadhili waliuliza kuhusu nafasi zile mbili, wakaelezwa, wakaridhika. Utafiti ukaendelea.

Mama alipopata habari hizo hakucheka. Alimwita Haraka, akamkabidhi kipimajoto.

"Andika ulichokiona, hata kama ni aibu. Na ukiandika tena siku ambayo haijafika, adhabu yake utaipata mapema vilevile."