Ukurasa wa Tanzia

Héritier alikuwa dukani anafunga samaki wa kukaanga, karatasi nyeupe ndani na gazeti nje, sauti ya mwanamke ilipotoka katikati ya foleni ya Jumamosi.

"Kaka, hilo unalofungia samaki ni gazeti letu."

Aliinua macho. Kanzu fupi ya kurta, ya manjano, koti la mvua linalochuruzika, nyusi zimekunjwa.

"Madame, unasema Kiswahili?"

"Mimi ni Mtamil wa Jaffna, nimelelewa Nairobi. Baba alifundisha hesabu huko."

"Na haya maandishi ya duara-duara, unasoma?"

"Nayapanga mimi kila wiki. Wewe unayakaanga."

Foleni nzima ya mtaa wa Sparkhill ikacheka. Héritier naye akacheka, masikio yakimwaka.

Jina lake Yalini. Walipatana: magazeti mapya yakae mlangoni kwa wateja Watamil, yaliyopitwa na wakati ndiyo yafungie samaki. Patano likawa chai, chai ikawa simu za kila siku.

"Umekula, chérie?"

"Nitakulaje, na wewe unanuka samaki hadi kwenye simu?"

Kisha baba yake Yalini akafariki. Watamil huanza gazeti lao kwa ukurasa wa tanzia: picha kubwa ya marehemu, taa mbili, majina ya watoto waliotawanyika Toronto na Paris. Yalini alimpangia baba yake ukurasa huo kwa mikono yake. Nyumbani kwao, mtaa wa Acocks Green, kwa desturi ya matanga, samaki hakuingia jikoni.

Siku gazeti lilipotoka, alimpigia Héritier dukani.

"Ametokea vizuri. Anatabasamu."

"Pole, chérie. Baba alikuwa mutu wa heshima. Miye sitamusahau."

Simu ilikuwa sikioni, mikono ilikuwa kazini. Mvua ilikuwa imemfanya ahamishie magazeti mapya chini ya kaunta, akasahau. Alivuta gazeti, akafunga, akamkabidhi mteja bila kutazama.

Mteja huyo alikuwa jirani yao, Mtamil. Alipofungua samaki wake alimtambua mwalimu. Hakuthubutu kumtupa, alimpelekea mjane ukurasa, uso uking'aa kwa mafuta.

"Héritier," Yalini alisema kwenye simu, sauti ndogo. "Ulikuwa unanifariji huku unafungia samaki uso wa baba?"

Angeweza kutaja mvua. Angeweza kutaja foleni.

"Ndiyo," alisema.

Simu ikakatika. Kila alipopiga tena, haikupokelewa.

Kuanzia hapo hakuweza kugusa gazeti lolote. Wateja wakapewa mifuko.

"We mwanamme una nini?" aliuliza Jokha, mwenye duka, Mzanzibari asiyebembeleza. "Wafunga samaki kama wazika mtu."

Ilikuwa karibu na kweli.

Jumapili alisugua mikono kwa limau, akavaa suti ya kanisani, akaenda. Yalini alifungua mlango akiwa katika nguo nyeupe za matanga. Nyuma yake sakafu ilijaa magazeti: alikuwa amechapisha upya ukurasa wa baba, anautia kwa mkono katika kila nakala ya toleo jipya.

"Umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusaidia, kama mama anakubali."

Mama aliitazama mikono yake muda mrefu, akasema jambo kwa Kitamil.

"Anasema kanawe tena."

Alinawa. Walimketisha kwenye kona ya zulia, naye hakujisogeza.

"Usikunje hapo," Yalini alinong'ona. "Unamkunja shingo."

Akaunyoosha. Mwalimu akamtazama, anatabasamu, na Héritier akashindwa kumtazama.

"Nakupenda, Yalini. Naona haya hata kulisema humu ndani."

"Basi usiseme. Kunja."

Giza liliingia mafungu mengi yakiwa bado yamefungwa kwa kamba. Mama aliinuka taratibu, akamtoa Héritier ukurasa mkononi, akauweka juu ya kurasa nyingine, akasema neno.

"Anasema inatosha kwa leo. Yaliyobaki ni ya kesho."

Héritier alitafuta viatu vyake mlangoni, hajui amefukuzwa au la.

"Hiyo kesho... na miye nije?"

Yalini hakumuuliza mama.

"Uje," alisema.