Bwawa Lililoacha Kulalamika

Wenzangu mnaoishi mbali na wazazi wenu, hii ni yenu, na anayesimulia naye hajitoi.

Jumamosi asubuhi, uani kwa fundi bomba mmoja mstaafu, palikuwa na utulivu ambao mwanawe hakuupata popote pengine. Bwawa la kuogelea lililokuwa pale lilikuwa dogo, hatua tisa kwa nne, na mzee alilichimba mwenyewe miaka ile watoto wakiwa wadogo. Vigae vyake vilikuwa masalio ya kazi za watu: vya bluu vilibaki kutoka bafu la fulani, vya kijani kutoka jiko la fulani, na ukingoni kulikuwa na safu moja ya waridi ambayo hata mzee alishasahau ilitoka wapi. Nusu ya watoto wa mtaa walijifunzia kuogelea humo. Kitindamimba wa mzee alikuwa hatoki majini mpaka vidole vijikunje, na baba akampachika jina la Chura. Siku hizi Chura ni mpima ardhi mwenye mvi za kuhesabika, kazini wanamwita mheshimiwa, lakini akivuka lile geti anarudi kuwa Chura.

Kila baada ya wiki mbili alikuwa akiendesha gari saa mbili nzima kupeleka ndoo ya klorini ya unga, kwa kuwa mzee hakuwa tena na mgongo wa kuibeba kutoka dukani. Akishaitua, wawili hao walikaa ukingoni na kile kisanduku cha kupimia maji: vichupa viwili, kibao chenye rangi, na dawa ya matone. Tangu Chura akiwa na miaka sita, kazi ya kuhesabu matone ilikuwa yake. Matano, tikisa, inua juu kwenye mwanga. Kichupa kimoja kinageuka manjano, kingine waridi, na baba anafumba jicho moja akilinganisha na kibao kana kwamba anatia saini mkataba. Halafu chai, na mazungumzo yasiyo na haraka. Mama yake Chura alikuwa ameshafariki wakati huo, na mara nyingi mazungumzo yalikuwa juu yake.

Basi Jumamosi moja mzee akaona asimsubiri mwanawe. Akaivuta mwenyewe ndoo iliyobaki ya safari iliyopita hadi kwenye kibanda cha pampu, ikamponyoka. Unga ukamwagika kwenye sakafu yenye maji, harufu kali ikampanda kifuani, akakohoa wiki nzima. Chura alipofika siku ile alimkuta ameketi nje, macho mekundu, anajifanya mzima.

Chura aliogopa, na tusimwonee kwa hilo. Hapohapo akasema mambo ya kubeba dawa yamekwisha, atanunua ile mashine inayotengeneza klorini yenyewe kutokana na chumvi iliyomo majini. Ukimuuliza leo atakwambia nusu ya uamuzi ule ilikuwa mapenzi na nusu ilikuwa uchovu wa barabara. Lakini hayo ni maneno ya leo.

Alimtafuta fundi wa mabwawa, mama mmoja wa ovaroli na maneno machache. Dukani walikuwa wameshamshawishi Chura achukue mashine ya bei nafuu, inayolingana sawasawa na bwawa. Fundi akapima urefu, upana na kina, akapata lita elfu arobaini na tano, akasema asithubutu. Mashine ya kulingana na bwawa itahema mchana kutwa na kufa mapema. Achukue ya lita elfu themanini iende taratibu. Chura alimsikiliza, na kwa hilo alifanya vizuri.

Kazi ilichukua siku mbili, mzee akisimamia kwa kiti na mwavuli, akikosoa kila kiungo kilichogundishwa. Fundi alikata bomba baada ya chujio na kuweka pale kifaa chenye mabamba ya chuma ndani, kiwe cha mwisho kuguswa na maji kabla hayajarudi bwawani. Kisanduku cha umeme akakifunga ukutani, mvua isipofika. Magunia sita ya chumvi yakamwagwa ukingoni mwa maji, na pampu ikaachwa izunguke usiku na mchana kabla mashine haijawashwa, ili chumvi iyeyuke yote. Mzee akachovya kidole, akaonja.

"Machozi," akasema. "Ila ya mtu ambaye hajaumia sana."

Walicheka wote. Mashine ile kubwa ilikuwa na jambo jingine lililompendeza Chura kuliko yote: ilituma habari zake kwenye simu. Chumvi ikiwa sawa, doa la kijani. Ikipungua, doa jekundu na mlio, hata ukiwa upande wa pili wa dunia. Fundi alimtahadharisha kwamba mashine inatengeneza klorini tu. Asidi bado itatiwa kwa mkono, mabamba bado yatasafishwa ukoko kila miezi mitatu, maji bado yanataka mtu. Chura aliitikia huku anaitazama simu.

"Kwa hiyo ndoo ndiyo basi?" mzee akauliza.

"Basi, baba. Hubebi kitu tena. Wala mimi sibebi."

Mzee akasema vizuri, ahsante sana. Akakiokota kile kisanduku cha matone, akaenda kukifungia kabatini. Chura alimwona akienda nacho, na hakuona kama ni jambo.

Hakuamua kuacha kwenda nyumbani, maana hakuna anayeamua kitu kama hicho. Jumamosi ya kwanza hakukuwa na ndoo ya kupeleka, na kiwanja cha mteja kilikuwa hakijapimwa. Ya pili mtoto alikuwa na mafua. Baada ya hapo hakukuhitajika hata kisingizio. Kila asubuhi kwenye foleni ya magari alifungua simu na kukuta madoa matatu ya kijani: chumvi, klorini, pampu. Moyo ukatulia. Mkewe alimuuliza siku moja baba anaendeleaje, naye, bila utani wowote, akamwonyesha simu.

Mwezi wa tatu tangu mashine ifungwe, doa likawa jekundu. Chura akapiga nyumbani, na mzee akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Walizungumzia chumvi dakika mbili. Dakika arobaini zilizobaki walizungumzia siku ile Chura alipojificha chini ya maji kwa ubishi, mama yake akadhani amezama, akajitosa na nguo zake za kutokea, na viatu, na mkoba mkononi. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Chura alikata simu akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, kisha akamtuma fundi na magunia mawili ya chumvi.

Wiki mbili baadaye, jekundu tena. Akapiga, wakaongea saa nzima, akamtuma fundi. Ikatokea mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mpima ardhi akaanza kushuku ufa. Chumvi haikaushwi na jua, huondoka tu pale maji yenyewe yanapoondoka. Fundi akaweka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa, akachora alama ndani ya ndoo na nje yake, akarudi kesho yake kulinganisha. Bwawa halikuvuja hata tone. Alimpigia Chura kumwambia hivyo, akasita kidogo kama mwenye neno jingine, lakini Chura alikuwa kikaoni.

Halafu mashine ikaacha kulalamika. Wiki mbili za kijani, nne, sita. Chura akamwambia mkewe kwamba hatimaye imezoea maji, pesa yake haikupotea. Alikusudia kumpigia baba ampe hongera. Lakini kulikuwa na kazi, na hakukuwa na tatizo lolote, na siku zikapita.

Simu iliyokuja ilitoka kwa fundi.

"Kaka, mara ya mwisho kuongea na baba ilikuwa lini?"

"Kwani mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Ndiyo maana nakupigia. Lile bwawa halijawahi kuvuja. Baba alikuwa anafungua koki alfajiri, anatoa theluthi ya maji, anajaza mapya. Nilimkuta na mpira wa maji mkononi. Akaniambia, mwanangu, chumvi ikishuka simu ya Chura inalia, na ikilia ananipigia. Akaniapisha nisikwambie. Sasa ni wiki sita chumvi haijashuka, kaka. Leo nimempigia, hapatikani. Mimi niko mbali kikazi. Nenda."

Chura alipiga. Hapatikani. Akaingia kwenye gari na suruali yake ya kazi yenye matope. Njia nzima doa la kijani lilikuwa linamwangalia kutoka kwenye simu iliyobandikwa mbele ya usukani, na safari hii alilichukia.

Aliyemfungulia geti ni mama anayemfulia mzee nguo. Akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Mzee alianguka mwezi mmoja uliopita, alfajiri, akiielekea koki, kwenye ile safu ya vigae vya waridi ambayo siku zote huteleza. Nyonga. Simu iliruka kutoka mfukoni ikazama bwawani, na namba zote za watoto zilikuwa humo. Mama yule alimburuta mpaka kitandani, akawa anakuja kila siku kumpa uji na kumgeuza. Hospitali mzee alikataa. Kutafuta watoto alikataa. Watoto wana kazi, alisema.

Fikirini hapo kidogo. Simu ya mzee ilikaa chini ya maji mwezi mzima, na juu yake mashine ikituma habari njema kila saa. Mtu yeyote angempigia mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, angejua.

Mzee alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Alipomwona mwanawe mlangoni alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Chura. Chumvi imeshuka?"

"Hapana, baba. Chumvi iko sawa."

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa umekujaje?"

Chura alipiga magoti kando ya kitanda akalia, mtu mzima na mvi zake. Mzee akawa anampapasa kichwa, anamwambia anyamaze, si maumivu makali hivyo.

Daktari hakupaka maneno asali. Mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya. Angeletwa siku ile ile, huenda angetembea. Sasa ni kiti cha magurudumu mpaka mwisho, na kuogelea ndiyo basi.

Ukipita pale leo, siku ya Jumamosi, utawakuta ukingoni. Mashine bado ipo na inafanya kazi vizuri, maana haikukosa kitu. Kisanduku cha matone kimetolewa kabatini. Dawa ya zamani ilikuwa imekauka chupani, ikabidi kununuliwa nyingine. Chura anachota maji, anahesabu matone kwa sauti, anatikisa, anainua kwenye mwanga. Mzee anafumba jicho moja.

"Umeruka tone."

"Sijaruka, baba. Matano."

"Manne hayo. Rudia."

Chura anajua vizuri kabisa kwamba hakuruka. Anamwaga, anachota upya, anaanza moja.

FUNZO

Msiende kung'oa mashine zenu kwa ajili ya hadithi hii. Mashine ya chumvi ilimwondolea mzee mzigo na kikohozi, na hilo ni jema. Kosa la Chura halikuwa kununua. Ile ndoo aliiona mzigo tu, hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimleta nyumbani, na alipoitua hakuweka kitu mahali pake. Wengi wetu tumefanya hivyohivyo, wengine kwa mashine, wengine kwa pesa tunazotuma kila mwisho wa mwezi, wengine kwa mtu tuliyemwajiri. Tunapata taarifa kwamba maji ni safi, dawa imenunuliwa, paa limezibwa, na tunadhani tumepata taarifa za mzazi. Mzazi naye anaona haya kusema anatutaka sisi, kwa hiyo analalamikia paa, analalamikia bomba, anafungua koki alfajiri kwa siri. Akilalamika, mshukuru Mungu, bado ana nguvu za kukuita. Akinyamaza, usingoje sababu. Nenda mikono mitupu, ufike, ukae.