Magazini ya Sajini Kapela

Habari hii nilipewa na Kalunde, mdogo wake Nyamizi wa tumbo moja, kiangazi kile ambacho reli ya hewani ilifika Tabora, tukiwa kwake Ipuli tunamenya karanga. Kalunde alikuwa akiishi nyumba moja na dada yake, kwa hiyo mengi aliyaona mwenyewe, na yale ambayo hakuyaona dada yake alimnong'oneza. Naieleza kama alivyonieleza.

Nyuma ya sikio la Sajini Kapela palikuwa na kivimbe, kama punje ya choroko imejificha chini ya ngozi. Hicho ndicho kishikizo alichopandikizwa hospitali. Ungemkuta mzee amekaa barazani, mdomo wazi, kijiko hajui akishike upande gani, ungesema huyu amekwisha. Sasa mwekee magazini mezani, uone. Mgongo unanyooka. Macho yanarudi kutoka huko yalikokuwa. Ile punje inawaka rangi ya samawati chini ya ngozi, hafifu kama kimulimuli, na vidole vinaanza kazi kama vya kijana.

Magazini, kwa asiyeijua, ni kile kikasha chembamba cha chuma kilichokuwa kikichomekwa kwenye mpini wa bastola, kikibeba risasi. Wengi wa siku zile hawakuijua. Polisi wa mji walikuwa maroboti, na roboti hakubeba risasi. Akitaka kumzuia mtu alimrushia wavu wa umeme, mtu akalegea kama nguo mbichi. Bastola zote zilikwisha kuyeyushwa zikawa mataruma ya reli. Magazini hii moja ilibaki kwa kuwa walimpa Sajini siku ya kustaafu, iwe ukumbusho, nao walikwisha kuitoboa ubavuni isifae kwa lolote. Maana maisha yake yote ya kazi Kapela alikuwa mtunza ghala la silaha. Hakumpiga mtu risasi hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kufungua, kusafisha na kufunga.

"Kuruta!" aliita.

"Naam, afande."

"Mguu sawa! Hatua ya kwanza?"

"Kuhakikisha haina risasi, afande. Kwa macho, kisha kwa kidole."

"Kwa nini vyote viwili?"

"Macho yanaweza kuwa yamechoka, afande."

"Vizuri. Mguu pande. Kaa."

Kuruta akakaa, polepole, akijishikilia kwenye meza, kwa sababu kuruta mwenyewe alikuwa bibi mwenye wajukuu na goti la kushoto limevimba. Kuruta alikuwa Nyamizi, mke wa Sajini.

"Dada," Kalunde alimtania kutoka jikoni, "umeolewa mara ya pili. Safari hii umeolewa na kikosi kizima."

"Nyamaza wewe, atakusikia akuandikishe."

Walicheka, lakini kicheko cha Nyamizi hakikufika mbali.

Mambo yalianza hivi. Sajini alipoanza kusahau, alianza kwa vitu vidogo, kofia, funguo, jina la jirani. Halafu akasahau njia ya msikitini. Wakampeleka hospitali, kwa Daktari Yulita, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Mkwe wao Ndaki, mume wa binti yao, ndiye aliyemshika mzee mkono kushuka garini, na ndiye aliyeingia naye chumbani pamoja na Nyamizi. Binti mwenyewe alikuwa kazini mbali, kwenye vituo vya mwezini, akiongea nao kwa picha tu, na picha siku ile ilikuwa imekatika.

"Ugonjwa wa mzee unafuta," daktari alisema. "Ni kama mtu anayedeki nyumba akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kumzuia asideki hatuwezi. Lakini kishikizo kinaweza kushikilia sehemu moja isifutwe. Na kile kilicho karibu na sehemu hiyo, nacho huponea."

"Kitashikilia nini?" Nyamizi aliuliza.

"Mtakachokichagua nyinyi. Ila kishikizo hakishiki maneno wala sura, mama. Kinashika mikono. Nitajieni kitu kimoja ambacho mikono yake ilikifanya kila siku, miaka nenda miaka rudi, bila kukosa."

Nyamizi alilijua jibu kabla daktari hajamaliza kuuliza.

Tangu Nyamizi alipovunjika goti, zamani, binti yao akiwa bado ananyonya, kila jioni Kapela aliketi kwenye mkeka, akauweka mguu wa mkewe mapajani mwake, akamimina mafuta ya nyonyo kiganjani, akamkanda goti. Huku anakanda huku anamsimulia mambo ya kazini, nani kapandishwa cheo, nani kalewa akapoteza mkanda. Hata siku walizonuniana alimkanda. Alikanda kimya kimya, uso umeangalia pembeni, lakini alikanda. Hakuna mtu aliyejua isipokuwa Kalunde, naye alijua kwa kuchungulia.

"Kila jioni," Nyamizi alianza, "mwenzangu huyu alikuwa..."

Ndaki akakohoa. Alikohoa tu, maskini, vumbi la kiangazi. Lakini Nyamizi akamwona pale, mkwewe, ameinamisha kichwa kwa adabu kama impasavyo mkwe, hamtazami mama mkwe usoni. Sasa utayasemaje mbele ya mkweo maneno ya mapaja na mafuta? Mwanamke wa kwetu afungue mguu wake kwa maneno mbele ya mume wa mwanawe? Ulimi ukakataa.

"Alikuwa akifungua magazini yake," akasema. "Anaisafisha, anaifunga."

Wala hakusema uongo. Alikuwa akifanya hivyo pia, asubuhi, kabla ya chai.

"Hakuna kingine?" daktari aliuliza.

Nyamizi aliangalia sakafu. "Hakuna."

Ndaki akafurahi. "Kweli kabisa, daktari! Baba na ile magazini yake! Hata mimi siku nilipokwenda kuposa aliifungua mbele yangu. Nilitetemeka!"

Wote wakacheka, na mashine iliyokuwa ikinasa maneno ikanasa.

Punje ikapandikizwa. Mwanzoni nyumba ilikuwa na furaha. Mzee aliishika magazini, akaifungua, akaitandaza mezani kipande kwa kipande, hakosei. Ndaki alipiga makofi. Kalunde alipiga vigelegele. Lakini maji ya kudeki yaliendelea kuja. Majina ya wajukuu yalikwenda. Mlango wa choo ulikwenda. Kila kitu kilichokuwa mbali na ile meza kilikwenda, na asubuhi moja Nyamizi alimletea chai, mzee akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Kuruta," alisema, "nani amekuruhusu kuingia ghalani?"

Nyamizi akaiweka chai mezani kwa mikono miwili, asiimwage.

Siku hiyo hiyo alirudi kwa daktari, na safari hii aliongozana na Kalunde peke yake. Alieleza yote, mguu, mafuta, mkeka. Aliyaeleza haraka haraka, uso ndani ya ushungi.

"Kihamishe," alisema. "Kitoe kwenye chuma, kishike huku."

Daktari Yulita aliwasha taa ya ukutani, wakaona picha ya kichwa cha Kapela kwa ndani, na ile punje imetoa nyuzi nyembamba, nyingi, kama mzizi wa mtini ulioingia kwenye ufa wa ukuta.

"Imeshaota, mama. Nikiivuta, nitavuta na ukuta."

"Basi ukuta huu una faida gani kwangu?"

"Kaa karibu na kazi yake," daktari alisema. "Karibu kabisa. Pengine hizi nyuzi zitakufikia na wewe."

Lile neno pengine ndilo alilorudi nalo nyumbani. Ndiyo sababu akawa kuruta. Alitaka kitu kimoja tu, siku moja mzee ainue macho kutoka mezani aseme, Nyamizi. Basi.

Akajifunza. Alijifunza kwamba magazini hushikwa ikielekea pembeni, kamwe isielekee usoni kwako wala kwa mwenzako. Kwamba chini yake kuna kitako, na kitako kina kitufe, na ukibonyeza kitufe unakisogeza kitako kidogo tu, kidogo, na papo hapo kidole gumba kinakaa juu ya springi.

"Usikiondoe kidole!" Sajini alifoka. "Springi hii imebanwa siku zote. Ukiiachia inatafuta jicho. Koplo Shiganga alirudi kwao na jicho moja, kwa haraka zake za kwenda kula. Iachie taratibu. Taratibu, kuruta! Huchinji kuku."

"Ndiyo, afande."

Springi ikatoka yote, ndefu, ikafuatiwa na kile kibamba kidogo kinachosukuma risasi juu. Nyamizi alivipanga kwa jinsi vilivyotoka, ili vikirudi virudi hivyo hivyo. Alipitisha brashi ndani ya kikasha, kisha kitambaa kikavu. Alikagua midomo ya juu kama imepinda. Alipofunga, alikisukuma kibamba kwa kidole aone kama kinapanda bila kukwama. Sajini aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema, "Tena." Wakaanza upya.

Nyumba ilikuwa na mhudumu, mashine ya kulelea wagonjwa, mrefu, viganja vya mpira laini. Kalunde alimwita Bi Bati. Siku moja Bi Bati alipita na sinia, Sajini akamtaka apige saluti.

"Mzee, nimebeba uji," Bi Bati alisema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka.

"Na huyu naye katoka chuo gani?" Sajini aliuliza. Kuruta akajiuma mdomo asicheke mbele ya afande.

Siku zikapita, jina halikutoka.

Ndipo Nyamizi akapata wazo. Kama nyuzi haziji kwenye goti, atalileta goti kwenye nyuzi. Mchana mmoja wa joto kali, baada ya chakula, alimwagia mikono yake mafuta ya nyonyo, tele, yale yale, ya chupa ile ile ya kijani. Akaketi mezani mbele ya magazini. Mguu wake aliunyosha chini ya meza hadi ukagusa wa mumewe. Kalunde alikuwa mlangoni, ameacha kupepeta mchele.

Sajini alishika magazini. Punje ikawaka. Halafu pua yake ikacheza. Akanusa. Akanusa tena, akainua macho, akamtazama mkewe usoni muda mrefu, hata Kalunde akaona mdomo wa mzee unajikunja kutafuta neno.

Nyamizi akausogeza mguu karibu zaidi.

"Nani," Sajini alisema, "ameleta mafuta kwenye meza ya silaha?"

Neno lilikuwa hilo.

"Mimi, afande."

"Nimewaambia mara ngapi? Mafuta hayaingii ndani ya magazini! Mafuta yanashika vumbi, vumbi linagandisha springi, na siku askari anaitegemea ndiyo siku inayokwama. Lete hiyo mikono."

Nyamizi akaileta. Mzee alichukua kitambaa kikavu akaanza kuifuta. Aliifuta kidole kimoja kimoja, kuanzia shina hadi ncha, akaingia katikati ya vidole, akazunguka kucha, kama alivyozoea kufuta kila kitu kilichopita mikononi mwake. Hakuwa na haraka. Mkono wa pili alipoufikia alipunguza mwendo.

"Mikono hii si ya kuruta," alisema. "Imefanya kazi hii."

"Imefanya, afande."

"Una mume?"

"Ninaye."

"Anajua silaha?"

"Anajua sana, afande."

"Sasa si akufundishe yeye?" Akakitupa kitambaa mezani. "Mimi nimechoka."

Kalunde aliniambia hapo alirudi jikoni, maana mchele haujipepeti, na machozi alisingizia pumba.

Bi Bati alimwongoza mzee hadi chumbani akamlaza. Aliporudi alimkuta Nyamizi bado mezani, anafunga magazini peke yake, kidole gumba juu ya springi.

"Mama, goti lako lina joto kuliko jana," Bi Bati alisema. "Nikukande? Viganja vyangu naweza kuvipasha moto kiasi unachotaka."

"Hapana, mwanangu. Asante."

"Nimefunzwa mkando wa goti. Naweza kuufanya bila kukosea."

"Najua," Nyamizi alisema. "Nenda kapumzike." Akakumbuka kwamba mashine haipumziki. "Nenda kasimame huko."

Jua lilikuwa limeuelemea mji. Mabati yanywayo jua yalikuwa yanalia kwa joto juu ya nyumba zote, na mtaa mzima umejifungia ndani kwa usingizi wa mchana. Jikoni Kalunde alikuwa amesinzia na ungo mapajani. Nyamizi alichechemea hadi chumbani, akaomba ruhusa.

"Ruhusa ya kulala, afande?"

Mzee alikwisha kulala. Magazini haikuwa karibu, punje nyuma ya sikio ilikuwa imezimika, giza tupu. Lakini kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimesimama juu ya shuka, kinabonyeza, kinazuia kitu kisichokuwepo.

Nyamizi akajilaza kando yake. Akauchukua mkono wake mwenyewe, mkavu, usio na tone la mafuta, akauingiza pale, chini ya kidole kile. Kidole kikaubana, kwa nguvu, kama kinavyobana springi isije ikaruka ikamwumiza mtu.

Akatulia hivyo hivyo. Goti lilikuwa linamwuma lakini hakuligeuza, asije akamwamsha. Alizihesabu hatua moyoni, kuhakikisha haina kitu, kwa macho, kisha kwa kidole, kuelekeza pembeni, kubonyeza, kuachia taratibu. Alipofika taratibu alirudia tena, taratibu, taratibu, hadi naye usingizi ukamchukua.